Uchungu wa kinkina: historia ya jini na toniki, na kwa nini glasi hiyo haitibu malaria

BUKAVU, Kivu ya Kusini – Mtu akiingia jioni katika baa ya London au Madrid, hatakosa kuona meza ambayo watu wanakunywa kitu cheupe kama maji, chenye mapovu madogo, barafu na kipande cha ndimu. Kinaitwa jini na toniki. Ni mchanganyiko wa vitu viwili tu: pombe kali inayoitwa jini na maji machungu yenye mapovu yanayoitwa toniki. Wengi wa wanywaji hao hawajui kwamba ule uchungu unaobaki kwenye ulimi huenda umetoka kwenye mti uliokatwa katika milima ya Kivu, ukapigwa hadi maganda yakatoka, yakaanikwa juani, kisha yakapita katika kiwanda cha mjini Bukavu.

Huku Bukavu mambo yako kinyume. Watu wanaujua mti, wanauita kinkina. Wanaijua na dawa yake, kinini. Yeyote aliyewahi kulala hospitali na serumu ya kinini mkononi anakumbuka namna masikio yalivyokuwa yanalia kama kengele. Lakini wachache wanajua kwamba kitu kile kile kinanywewa mahali pengine kwa kujifurahisha, tena kwa bei kubwa.

Kati ya mti na glasi kuna historia ya karibu miaka 400. Ndani yake kuna wagonjwa, wafanyabiashara, askari, wakoloni na wapiga maganda. Kuna pia uongo mmoja ambao umezunguka dunia nzima: kwamba jini na toniki ni dawa ya malaria. Kwa mtalii mwenye hoteli na daktari, uongo huo ni mchezo wa mezani. Kwa jamaa iliyokimbia vita na kulala chini ya hema bila chandarua, uongo huo unaweza kuzika mtoto.

Mti uliotoka Amerika ya Kusini

Kinkina si mti wa asili ya Kongo. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, katika nchi ambazo leo zinaitwa Peru, Ekwado na Bolivia. Jina lenyewe limetoka katika Kikechua, lugha ya wakaaji wa milima hiyo, ambako "kina" maana yake ni ganda. Katika miaka ya 1630 na 1640 mapadri Wajezuiti walipeleka maganda hayo Ulaya. Wakati ule malaria ilikuwa inaua watu Ulaya pia, hata mjini Roma. Kwa hiyo unga wa kinkina ukaitwa ganda la Wajezuiti.

Kuna hadithi maarufu kwamba mke wa mwakilishi wa mfalme wa Hispania kule Peru, Kontesa wa Chinchón, aliponyeshwa na ganda hilo. Mwaka 1742, mtaalamu wa mimea Linnaeus wa Uswidi aliupa mti jina Cinchona kwa heshima yake. Wanahistoria waliosoma kumbukumbu za wakati ule wameona kwamba hadithi hiyo haisimami. Jina limebaki hata hivyo.

Mwaka 1820, Wafaransa wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walifaulu kutoa ndani ya ganda kile kitu chenyewe kinachopambana na malaria. Ndicho kinini. Jina hilo lilisafiri mbali kuliko dawa yenyewe: mpaka leo, kwa Kinyarwanda na kwa Kirundi, kidonge cha ugonjwa wowote kinaitwa ikinini.

Kinini kilifungulia Wazungu mlango wa ndani ya Afrika. Mwaka 1854, Muskoti William Balfour Baikie alipanda mto Niger kwa meli, akiwapa watu wake kinini kila siku. Wakarudi bila hata mmoja kufa kwa homa. Kabla yake, safari kama hizo zilikuwa zinazika sehemu kubwa ya wasafiri. Livingstone naye alikuwa na vidonge vyake vya kinini. Sanduku la dawa lilipopotea mwaka 1867, aliendelea na safari mpaka Nyangwe, katika Maniema ya leo, mwili wake ukizidi kudhoofika. Wakoloni waliokuja nyuma walijifunza somo: mwenye kinini anakaa, asiye nacho anazikwa. Kwa hiyo mti huo uliponya watu, na wakati huohuo ulisaidia watu kutawala watu.

Basi kila serikali kubwa ikataka miti yake. Waingereza walichukua mbegu na miche kutoka Andes mwaka 1860, wakapanda katika milima ya Nilgiri, kusini mwa India. Lakini mbegu nzuri kuliko zote zilipatikana mwaka 1865, kwa kazi ya Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia aliyeujua msitu kama mtu anavyojua shamba la baba yake. Alizitafutia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger. Ledger akawauzia Waholanzi, nao wakazipanda katika kisiwa cha Java. Aina hiyo ya kinkina ikaitwa ledgeriana, kwa jina la yule aliyeuza. Mamani alikamatwa kwa sababu ya mbegu hizo, akapigwa vibaya, akafa. Jina lake halikuwekwa kwenye mti wowote.

Kutoka dawa mpaka glasi

Kinini ni kichungu sana. Mzazi yeyote aliyewahi kumsagia mtoto kidonge anajua vita inayofuata. Watu wa zamani walikuwa na shida ileile, wakajaribu kukificha ndani ya divai, ndani ya pombe nyingine na ndani ya maji ya sukari.

Upande mwingine, maji ya mapovu yalikuwa yamekwisha kuwa biashara. Jacob Schweppe alianza kuyauza Geneva, Uswisi, mwaka 1783, kisha akahamia London. Mwaka 1858, Mwingereza mmoja wa London, Erasmus Bond, aliandikisha hati ya ugunduzi ya kinywaji cha mapovu chenye kinini. Ndiyo toniki ya kwanza inayojulikana. Mwaka 1870 kampuni ya Schweppes ikaanza kuuza toniki yake, ikaiita ya Kihindi, kwa sababu Waingereza waliokuwa India walikuwa wateja wakubwa.

Jini nayo ina ukoo wake. Ni pombe ya kukamuliwa kwa moto, kama kanyanga, lakini inatiwa harufu ya matunda madogo ya mti wa junipa. Waholanzi ndio walioanza kuipika, wakiiita jenever. Waingereza waliipenda kupita kiasi. Katika karne ya 18 jini ya bei rahisi iliharibu mitaa ya maskini ya London mpaka bunge likatunga sheria kali mwaka 1751. Ikabidi miaka mingi ipite kabla ya kinywaji hicho kupata heshima.

Wawili hao walikutana India. Hadithi inayosimuliwa katika mabaa mengi inasema kwamba askari wa Kiingereza waligawiwa kinini kama kinga ya malaria, wakakichanganya na jini ili kimezeke, na hivyo jini na toniki ikazaliwa kama dawa. Ni hadithi tamu, lakini ushahidi wake ni mdogo. Andiko la zamani kuliko yote linalojulikana kuhusu kinywaji hiki ni la mwaka 1868, katika gazeti la michezo la Waingereza wa India. Halizungumzi juu ya hospitali wala kambi ya wagonjwa. Linazungumza juu ya watu waliotoka kutazama mbio za farasi, ambao waliitisha jini na toniki kwa kiu na kwa furaha. Askari waliohitaji kinga walipewa kinini chenyewe, kwa kipimo. Glasi ilikuwa ya starehe tangu mwanzo.

Vita vya dunia na milima ya Kivu

Kufikia miaka ya 1930, Java ilikuwa inatoa karibu kinini chote cha dunia, zaidi ya sehemu 9 kati ya 10. Mwaka 1942 jeshi la Japani likaiteka Java. Kwa siku chache, majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yakawa hayana mahali pa kununulia dawa, wakati askari wao walikuwa wanapigana katika nchi zenye mbu.

Hapo ndipo macho yakageukia Kongo ya Wabelgiji. Kinkina ilikuwa imekwisha kupandwa Kivu kabla ya vita, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, katika Kabare, kilikuwa kinaichunguza. Milima ya huku inafanana na kwao kinkina: baridi ya kadiri, mvua nyingi, udongo mwekundu wenye rutuba. Mashamba yakaongezwa, na tangu miaka hiyo ya 1940 Bukavu ikawa mji wa kinini. Kiwanda ambacho leo kinajulikana kwa jina la Pharmakina ni mtoto wa kipindi kile.

Wazee wa Bushi wanakumbuka upande mwingine wa habari. Mashamba hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni iliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ili iwagawie walowezi na makampuni. Pale palipokuwa na malisho ya ngombe na mashamba ya maharagwe pakawa na kahawa, chai na kinkina. Mwenye ardhi akawa mfanyakazi juu ya ardhi ya baba yake.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Mti unangojewa miaka 8 au zaidi. Unakatwa, vipande vinapigwa kwa fimbo mpaka ganda linaachia, maganda yanaanikwa, yanafungwa katika magunia na kupelekwa kiwandani. Vidole vya mpiga maganda vinakuwa vichungu, na chakula anachokishika kinakuwa kichungu pia.

Baada ya vita, dawa za kutengenezwa maabara kama klorokini zilishusha bei ya kinini. Malaria ilipozoea klorokini, kinini kikarudi kwa nguvu, na kwa miaka mingi serumu ya kinini ikawa ndiyo tumaini la mtoto mwenye malaria kali. Kisha ikaja artesunate. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2010 ulifuata watoto 5.425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo. Kati ya waliotibiwa kwa kinini, walikufa 10,9 kwa mia. Kati ya waliochomwa sindano ya artesunate, walikufa 8,5 kwa mia. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali, na kinini kikabaki cha akiba pale artesunate inapokosekana.

Kwa hiyo kinini kimepungua katika hospitali. Lakini katika glasi hakijapungua. Kampuni ya Kiingereza ya toniki, Fever-Tree, iliyoanza kuuza mwaka 2005, inatangaza wazi kwamba kinini chake kinatoka mashariki mwa Kongo. Hata jina lake maana yake ni mti wa homa. Watu wa mbali wanasoma jina la Kongo kwenye karatasi ya kinywaji cha starehe, wakati habari nyingine nyingi wanazosikia kutoka huku ni za risasi na wakimbizi.

Kwa nini watu hawaichoki

Vinywaji vya kuchanganya viko vingi, na vingi vimesahauliwa. Jini na toniki imekaa zaidi ya miaka 150. Sababu ya kwanza ni urahisi. Haihitaji fundi. Sehemu moja ya jini, sehemu mbili au tatu za toniki, barafu nyingi, ndimu, basi. Mtu anaweza kuitengeneza nyumbani ikatoka karibu sawa na ile ya hoteli kubwa.

Sababu ya pili ni uchungu wenyewe. Ulimi wa binadamu unazaliwa unakataa uchungu, kwa sababu sumu nyingi za porini ni chungu. Mtoto anatema. Mtu mzima anajifunza polepole kwamba kuna uchungu usiodhuru, na akishajifunza anautafuta. Ndivyo ilivyo kwa kahawa bila sukari. Ndivyo ilivyo kwa makasu ambayo wazee wanatafuna taratibu huku wakiongea. Uchungu unaleta mate mdomoni, unakata sukari, unafanya mtu anywe polepole. Na harufu ya junipa na ndimu inapanda pamoja na mapovu kabla midomo haijagusa glasi.

Sababu ya tatu ni kwamba kila kizazi kinaivalisha nguo mpya. Wahispania waliitia katika glasi kubwa za mviringo, na wapishi maarufu wakaifanya kinywaji cha baada ya kazi. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2009 wapishi wadogo wa jini walipoanza kupata ruhusa, aina za jini ziliongezeka mno. Vijana wanacheza nayo kwa sababu nyingine: chini ya taa za zambarau za disko, toniki inang'aa rangi ya buluu. Ni kinini kinachong'aa.

Na sababu ya nne ni ile hadithi ya dawa. Mtu anapenda kuambiwa kwamba starehe yake ina faida. Hapo ndipo mchezo unapoisha.

Bidoni moja kila siku

Hesabu ni rahisi, na kila mtu anaweza kuifanya. Sheria ya Marekani hairuhusu toniki kuwa na kinini zaidi ya miligramu 83 katika lita moja. Mtu mzima wa kilo 60 anayetibiwa malaria kwa kinini anahitaji miligramu 600 mara 3 kwa siku, ni kusema miligramu 1.800. Ili apate kipimo hicho kwa toniki, angepaswa kunywa zaidi ya lita 20 kila siku, kwa siku 7. Ni bidoni nzima ya njano, ile ambayo mama anabeba mgongoni kutoka kwenye chemchemi, imalizwe kabla ya kesho, na kesho nyingine. Na kama kila glasi ina jini, pombe ingemuua kabla ya malaria.

Kuchemsha ganda la kinkina nyumbani si jibu pia. Ganda moja lina kinini kingi, lingine kidogo, na jicho haliwezi kutofautisha. Kikiwa kidogo, ugonjwa unaendelea. Kikizidi, kinaharibu masikio na macho, na kinaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana kuna kiwanda, mizani na daktari.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamaa zilizohama. Kinkina inapenda mahali pa juu, na mahali pa juu mbu wa malaria ni wachache. Mtu aliyekulia Kabare au Walungu, kwenye mita 1.500 na zaidi, mara nyingi hajapata malaria mara nyingi, na mwili wake haujaizoea. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma na kisha Bukavu, watu wengi walishuka kuelekea bonde la Ruzizi na Uvira, na makumi ya maelfu wakavuka mpaka wa Burundi. Walitoka kwenye baridi wakaingia kwenye joto, mashamba ya mpunga, maji yaliyosimama na mbu. Hivyo mtu aliyetumia miaka yake akipiga maganda ya mti wa homa anaweza kukutana na homa yenyewe bondeni, bila dawa mkononi.

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa malaria, baada ya Nijeria, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio wanaokufa zaidi. Waganga wanarudia maneno yaleyale kwa sababu yanaokoa. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, asingojee zaidi ya saa 24. Aombewe kipimo cha tone la damu. Vidonge vikitolewa, vimalizwe vyote hata kama homa imeshuka siku ya pili, wala visigawanywe kati ya watoto wawili. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, anayekataa kunyonya au ambaye haamki vizuri, ana malaria kali: huyo anahitaji sindano, na usiku si sababu ya kungoja. Mama mjamzito asema mimba yake ina miezi mingapi kabla ya kupewa dawa yoyote. Chandarua kikiwa kimoja ndani ya hema, watoto wadogo na mama mjamzito walale chini yake kwanza.

Wanaokunywa jini na toniki wataendelea kuinywa, na hakuna ubaya kwa mtu mzima mwenye kiasi. Uchungu ule ni mzuri mdomoni. Ingefaa tu wajue umepitia mikono ya nani. Na huku Kivu, katika milima na katika mahema, ijulikane kwamba kichungu si lazima kiwe dawa. Dawa ni ile iliyopimwa, inayotolewa na mganga, na inayomalizwa mpaka kidonge cha mwisho.